Nyumba Moja, Siku Mbili za Ibada

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka



Tumeombwa tuseme machache juu ya jamaa na kanisa. Sisi si mchungaji wala padre. Kazi yetu ni kuandika majina na kuhesabu michango. Lakini ashikaye daftari la misiba huona mambo ambayo mhubiri hayaoni, kwa kuwa watu huja kwake machozi yakiwa yamekauka na madeni yamebaki.

Wazee wanaijua habari hii kuliko sisi. Mwaka 1911 mapadre wa Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu, na mwaka uliofuata Wasabato wakaanza yao Nyanchwa. Mwezi wa Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipopigana hapo Kisii, misheni zote mbili ziliporwa, na mikono iliyopora ilikuwa ya watu wetu. Siku ile hakuna aliyeuliza ni ipi ya Jumamosi na ni ipi ya Jumapili. Hata hivyo misheni hizo zilisimama tena, na mbegu za zote mbili zikaota mara nyingi katika boma moja. Tangu mwaka 2013 Kisii na Nyamira ni kaunti mbili, lakini ndoa zetu hazijui mpaka huo, wala hazijui mpaka wa madhehebu. Mume huenda kanisani Jumapili, mke Jumamosi, na jioni wote hula ugali wa wimbi uliosongwa katika chungu kimoja.

Basi tatizo liko wapi? Ili tusiwaseme wengine, tutakiri kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita mama yetu mzazi alifariki. Alibatizwa Mkatoliki akiwa msichana. Lakini miguu ilipomshinda, alisali pamoja nasi Jumamosi, kwa kuwa kanisa letu lilikuwa karibu. Kaka yetu mkubwa alitaka azikwe Jumamosi, ili jamaa walioko Nairobi wasafiri usiku wa Ijumaa na kurudi kazini Jumatatu. Sisi tulikataa, kwa kuwa siku ya Sabato hatuchimbi kaburi. Akasema, basi iwe Jumapili. Wakati huo tulikwisha kukasirika, tukauliza ni nani atakayeongoza sala, na mama alikuwa wa nani. Majuma mawili yakapita. Kila siku deni la chumba cha maiti liliongezeka, nasi tulikuwa tukipeana Maandiko kama watu wanaorushiana mawe.

Kwetu iko heshima iitwayo chinsoni, yaani haya baina ya wazazi na watoto wao. Mwana hafungui kinywa ovyo mbele ya baba yake. Ajabu ni kwamba heshima hiyo, ambayo hasira ya ardhi na ng'ombe haikuweza kuivunja nyumbani mwetu, ilivunjwa na watu wawili waliodhani wanamtetea Mungu.

Mwishowe shangazi yetu alikuja na fimbo yake, akaketi karibu na meko ya marehemu, akatuuliza: "Mlipokuwa wachanga mama yenu aliwapikia chungu kimoja. Ni nani kati yenu aliyemwuliza anampikia wa kanisa gani?" Hatukuwa na jibu. Mama akazikwa Alhamisi. Katekista alisali mlangoni pa nyumba, na mzee wa kanisa letu akasali kaburini. Wengi wa Nairobi hawakufika. Fedha zilizolipa siku zile za ubishi zilikuwa karo ya mtoto yatima wa dada yetu. Kijana yule alikaa nyumbani muhula mzima akichunga ng'ombe, naye hakuwa amebishana na mtu. Kila tunapomwona, hatuna budi kuinamisha macho.

Wachungaji wetu hutufundisha habari za Timotheo. Babaye alikuwa Myunani. Mamaye Eunike na bibi yake Loisi walikuwa waamini. Nyumba hiyo haikuwa na imani moja, lakini ilimlea mtumishi wa kanisa. Tangu mwaka 1948 Agano Jipya lipo katika Ekegusii, na Biblia nzima tangu 1988. Wakatoliki na Wasabato wa boma moja wanayasoma hayo kwa lugha ya mama yao. Yatupasa pia kuyatenda mbele ya mama huyo.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu mbele ya mkutano huu. Kwanza, chama kisitoe mchango wa mazishi kabla wana wote wa marehemu, wa kila dhehebu, hawajakubaliana siku. Pili, kila mwanachama aliye hai awaambie watoto wake, mbele ya wazee wawili, ni nani atakayemwombea kaburini; kusema hivyo si kujitakia kifo. Tatu, fedha ya karo ya yatima iandikwe katika daftari la peke yake, isiguswe kwa ajili ya mazishi.

Hatuombi mtu yeyote aiache siku yake ya ibada. Twaomba tu kwamba atokaye kanisani Jumamosi na atokaye Jumapili wapite katika mlango mmoja wa boma, wasalimiane.