NYUMBA YA WAPANGAJI: KARATASI KABLA YA MATOFALI

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Nimepewa heshima ya kusema nanyi leo, siku ambayo Chama chetu kinatimiza umri wa miaka kumi. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, minada na malipo. Mimi Kamati imenitaka nieleze jambo moja tu: jinsi tulivyonunua nyumba yetu ya kwanza ya wapangaji, na vizuizi vya sheria na vibali tulivyovikuta njiani. Nitaeleza pia kosa langu mwenyewe, kwa maana huenda likawafaa wengi kuliko sifa zangu.

Kwanza, kwa nini mkulima wa korosho atafute nyumba mjini? Jibu mnalo wenyewe. Msimu wa 2017/2018 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo katika minada ya Mtwara, na vijijini kukawa na shangwe. Msimu uliofuata wanunuzi walisita, hata Serikali ikaingia yenyewe mwezi wa Novemba 2018 kununua kwa shilingi 3,300. Mkorosho ni mti mwema, lakini una msimu wake. Mpangaji hula, hulala na hulipa masika na kiangazi. Ndiyo maana mkutano mkuu uliamua kwamba sehemu ya akiba yetu iwekwe katika nyumba ya vyumba vya kupangisha.

Nakumbuka siku ile mzee mmoja alisimama akauliza, “Je, wanangu, haitatwaliwa?” Vijana walicheka, lakini mzee hakuuliza upuuzi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na katazo hilo halikulegezwa mpaka Azimio la Zanzibar la 1991. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa kwa sheria, na baadaye yakawa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Hata vyama vikuu vyenyewe vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Mwenye kumbukumbu kama hizo ana haki ya kuuliza. Nilimjibu kwamba leo hakuna katazo la mkulima kumiliki nyumba ya kupangisha, na kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na bila kuchelewa. Lakini nilimwambia pia kwamba fidia hulipwa mtu ambaye jina lake linajulikana na karatasi zake zipo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa niwaambie kosa langu. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, dalali mmoja alinipeleka kuona nyumba ya vyumba kumi na viwili mjini. Ilikuwa nyumba ya kupendeza, ina bati jipya, umeme, maji na wapangaji kila mlango. Muuzaji, kijana wa heshima, alinionyesha hati. Dalali akaninong’oneza kwamba yuko tajiri anayetoka Dar es Salaam siku ya Jumamosi na fedha mkononi. Kamati ilikuwa imeniruhusu kutoa arubuni ya shilingi 3,000,000 baada ya upekuzi wa hati. Mimi nilitoa kabla. Nilijiambia kwamba hati nimeiona kwa macho yangu; upekuzi utafuata.

Siku ya pili nilirudi na kamba kupima uwanja. Nyuma, katika chumba cha uani, alikuwako mama mmoja anapepeta mchele. Akanikaribisha maji, kisha akaniuliza kwa upole:

“Mwanangu, unapima nyumba ya nani?”

“Ya Chama chetu, mama. Tunainunua.”

“Mnainunua kwa nani?”

Nikamtajia jina la kijana. Mama yule akaweka ungo chini. “Huyo ni mtoto wa marehemu mume wangu kwa mke mkubwa,” akasema. “Mimi nina watoto watatu wa baba huyo huyo, nao wapo shuleni. Hakuna aliyetuuliza.”

Ndugu zangu, maji yale yalinikwama kooni. Nilikwenda mbio ofisi ya ardhi, nikalipa ada ya upekuzi, na majibu yakaja: jina katika daftari lilikuwa la marehemu. Hapakuwa na msimamizi wa mirathi aliyeandikwa. Yule kijana hakuwa na uwezo wa kuuza hata mlango wa nyumba ile. Kisha Manispaa wakanionyesha ramani iliyoidhinishwa: nyumba ya familia moja, vyumba vinne. Vyumba vinane vya nyuma vilijengwa bila kibali. Tungalilipa, tungalinunua kesi mbili kwa bei ya nyumba moja, na watoto watatu wangalikosa pa kulala kwa mkono wa wakulima wenzao.

Kwa msaada wa wazee tulirudishiwa shilingi 2,000,000. Milioni iliyobaki haikurudi. Niliiomba Kamati ikate katika mshahara wangu, nayo ikakubali. Nililipa kwa miezi kumi. Sioni uchungu, kwani ada ile ndiyo iliyonifundisha haya ninayowaambia.

Nilijiuliza baadaye, kwa nini nilidanganyika kwa urahisi? Nimegundua kwamba nilikuwa nikinunua kwa desturi ya kijijini. Shamba la kijijini hushuhudiwa na watu: jirani anajua mpaka, mzee anajua nani alipanda mkorosho ule, na halmashauri ya kijiji inamjua baba yako. Mjini twafika wageni, tukaonyeshwa karatasi, tukaiamini kama tunavyomwamini jirani. Lakini karatasi ya mjini haina thamani mpaka ilinganishwe na daftari la Serikali. Na daftari nalo halimwonyeshi mama anayepepeta mchele uani. Kwa hiyo upekuzi ni wa namna mbili, wa ofisini na wa uani, na mnunuzi hana budi kufanya yote miwili kabla hajafungua mkoba.

Basi nitawapitisha katika milango tuliyoipita tuliponunua nyumba ya pili, ambayo ndiyo yetu leo.

Mlango wa kwanza ni hati. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Mwenye hati mjini hupewa haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa, kama 33, 66 au 99, na kwa masharti yaliyoandikwa. Kwa hiyo uliza: imebaki miaka mingapi? Barua ya toleo si hati. Leseni ya makazi si hati. Na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa haithibitishi peke yake kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Nenda kwa Msajili wa Hati ukafanye upekuzi. Utaambiwa jina la mwenye haki, kama nyumba imewekwa rehani benki, na kama yuko mtu aliyeweka zuio. Tazama pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, kwani deni lisipolipwa huzuia safari yote.

Mlango wa pili ni wenye mali. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Itake ridhaa hiyo kwa maandishi na mbele ya wakili, hata kama mume anakuambia kwamba mkewe “hana neno”. Ikiwa mwenye jina amefariki, asikuuzie mtu yeyote ila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na jina la msimamizi liandikwe kwanza katika daftari la hati. Hapo ndipo upekuzi wa uani unapohitajika. Keti, kunywa maji, uliza watoto wangapi na mama zao ni kina nani.

Mlango wa tatu ni matumizi na kibali cha ujenzi. Hiki ndicho kizuizi ambacho wanunuzi wa nyumba za wapangaji hukisahau zaidi. Nyumba ya kuishi familia moja na nyumba ya kaya kumi huenda zikafanana kwa matofali, lakini mbele ya Manispaa si kitu kimoja. Omba ramani iliyoidhinishwa na kibali chake, kisha hesabu vyumba kwa kidole. Palipoongezwa chumba, duka au ghorofa, uliza kibali cha nyongeza. Ikiwa masharti ya hati hayaruhusu matumizi unayoyataka, sharti uombe kubadilishiwa matumizi kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, nawe usilipe bei yote kwa matumaini kwamba utakubaliwa. Tazama mashimo ya vyoo kama yanatosha watu wote wale, na tazama kama ukuta haukuingia katika hifadhi ya barabara. Jengo lisilo na kibali laweza kuamriwa kubomolewa, na aliyekuuzia hatakuwa karibu siku hiyo.

Mlango wa nne ni wapangaji wenyewe. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, lakini mkataba wa mpangaji haufutiki kwa sababu nyumba imepata bwana mpya. Soma mikataba yote. Wapangaji wetu sita walikuwa wamemlipa muuzaji kodi ya miezi mingi mbele. Tungaliinunua bila kuuliza, tungalikaa na nyumba iliyojaa watu na mkoba mtupu. Fedha ile tuliipunguza katika bei.

Mlango wa tano ni kodi na uhamisho. Nyumba huthaminiwa na mthamini aliyesajiliwa, na thamani hiyo huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Muuzaji aliye mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida aliyopata. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 1. Andikeni katika mkataba nani atalipa nini, maana wauzaji wengine husema bei kisha wakamsukumia mnunuzi kodi zao. Usikubali kuandika bei ndogo ili kukwepa kodi. Siku ya shauri utadai fedha ambazo karatasi yako mwenyewe inazikana. Baada ya hayo maombi hupelekwa kwa Kamishna wa Ardhi apate kuidhinisha, na mwisho kwa Msajili. Mpaka jina lako liandikwe katika daftari, safari haijakwisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha ikae mahali pa amana mpaka siku hiyo. Na ukiisha kuwa mwenye nyumba, kumbuka kodi ya mapato ya pango na kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwa njia ya umeme wa LUKU.

Sasa maneno mawili kwa makundi mawili.

Kwenu viongozi wa vyama vya msingi: chama kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria, nacho chaweza kumiliki mali kwa jina lake. Hati iandikwe jina la chama, wala isiandikwe jina la mwenyekiti, wala la katibu, hata kwa muda wa wiki moja. Uamuzi utoke katika mkutano mkuu na uandikwe katika kumbukumbu. Ikiwa mtakopa, basi msivuke ukomo wa madeni uliokubaliwa na Mrajis chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Taratibu hizi huchelewesha, najua. Lakini zingalinizuia na kosa langu kama ningalizifuata.

Kwenu wakulima mnaotaka kununua wawili au watatu pamoja: ni jambo jema, lakini andikeni majina yote katika hati na sehemu ya kila mmoja. Zipo namna mbili za umiliki wa pamoja. Katika moja, anayekufa sehemu yake huwaendea wenzake waliobaki. Katika nyingine, kila mmoja ana fungu lake, nalo hurithiwa na watoto wake. Mwulizeni wakili mnaandikwa namna gani, msije mkawanyima watoto wenu bila kujua.

Nyumba yetu ya sasa ina vyumba kumi. Tulianza upekuzi mwezi wa Februari 2020, na hati ikaja kwa jina la Chama mwezi wa Januari 2021. Ni miezi kumi na moja, na wengi wenu mlinilaumu kwa kukawia. Lakini tangu siku ile hakuna aliyetuita mahakamani, hakuna aliyepaka alama nyekundu ukutani, na kodi ya vyumba vile ilisaidia kulipia magunia katika msimu ambao bei ilikuwa mbaya.

Na yule mama wa uani? Nilipita kwake mwaka jana. Mirathi imekamilika, naye na watoto wake wamepata haki yao. Alinikaribisha maji tena. Safari hii yalipita vizuri.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha. Nawatakia wanachama wote miaka kumi mingine ya heri, na nyumba nyingine zikipatikana, zianze na karatasi.

Umoja ni nguvu.