Kalamu na Kishikwambi Visipoelewana

Tangu Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, neno kishikwambi limetoka kwenye kamusi likaingia mitaani. Makarani walipita nyumba hadi nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi, na zoezi lilipokwisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Leo utavikuta pia kwa wachora ramani za nyumba, kwa wanafunzi wa vyuo, na hata kwa mafundi cherehani wanaobuni mitindo. Na palipo na kishikwambi, haipiti muda mrefu kabla mwenyewe hajatamani kalamu yake. Kidole ni kinene. Ukiandika nacho alama ya kipeuo cha pili, mwanafunzi hajui kama umeandika hesabu au umechora mnyoo.

Juma hili, basi, nataka tuzungumze juu ya kalamu hizo, na hasa juu ya lalamiko moja ninalolisikia kila mara: nimenunua kalamu, lakini haiungani na kishikwambi.

Jirani yangu mmoja ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari. Jioni huwafundisha watahiniwa wa kidato cha nne kwa njia ya intaneti, na kipato hicho kidogo ndicho kinachomlipia mwanawe ada. Alinunua kalamu nyeupe, nzuri kwa macho, yenye chaji yake ndani. Nyumbani akawasha Bluetooth, jina la kalamu likatokea, akaligusa, kishikwambi kikasema imeungana. Akaweka ncha kwenye kioo: kimya. Akaichaji usiku kucha: kimya. Aliporudi dukani, kijana aliyemuuzia aliigeuzageuza kidogo akasema, "Mama, hii umeidondosha." Kisha akamwonyesha maandishi ya chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Fundi simu wa kibanda cha jirani naye akajitolea kuifungua, kwa malipo ya kuangalia tu.

Ukweli ni kwamba mwalimu hakuidondosha kalamu, wala kalamu haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya iPad, na kishikwambi cha mwalimu si iPad.

Hapo ndipo lilipo shina la jambo lenyewe. Kalamu ya wino haichagui karatasi. Ile iliyomo mfukoni mwangu huandika kwenye daftari, kwenye bahasha na hata kwenye kiganja. Hizi za kielektroniki huchagua, na huchagua sana. Kioo cha kishikwambi huhisi kidole kwa sababu mwili wa binadamu hupitisha umeme, na kidole kikigusa, umeme mdogo ulioko juu ya kioo hubadilika mahali pale. Plastiki tupu haifanyi hivyo. Kwa hiyo watengenezaji walitafuta njia za kukifanya kioo kiitambue kalamu, na kila mmoja akashika njia yake.

Njia rahisi kuliko zote ni kalamu yenye ncha ya mpira laini unaopitisha umeme. Hiyo hukidanganya kioo kwamba ni kidole. Haina betri, haina Bluetooth, haihitaji kuunganishwa na chochote, na huandika karibu kwenye kila kioo cha kuguswa. Haina ufundi mkubwa, na mstari wake si mwembamba, lakini haina kiburi.

Samsung nao, tangu simu yao ya Galaxy Note ya mwaka 2011, wanatumia kalamu iitwayo S Pen, kwa ufundi wa kampuni ya Wacom ya Japani. Chini ya kioo kuna tabaka linalotoa mawimbi ya sumaku-umeme, na ndani ya kalamu kuna koili inayoyaitikia. Kwa kuandika, kalamu hii haihitaji chaji. Baadhi ya matoleo yana Bluetooth, lakini ni kwa ajili ya kitufe tu, kwa mfano kupiga picha ukiwa mbali. Nimekutana na watu wanaohangaika saa nzima kuiunganisha S Pen kwa Bluetooth wakati kalamu yenyewe inaandika vizuri! Ikigoma kuandika, tazama kwanza ncha kama imelika, kisha kivue kishikwambi kifuniko chake, maana sumaku zilizomo kwenye vifuniko huweza kukivuruga kioo.

Apple ndio wenye mambo mengi. Kalamu yao ya kwanza, ya mwaka 2015, huunganishwa kwa kuichomeka mkiani mwa iPad. Ya pili, ya mwaka 2018, hunata ubavuni kwa sumaku, na hapo hapo huungana na kuchajiwa. Ya mwaka 2023 hunata vilevile, lakini kunata huko ni kwa kuihifadhi tu: kuiunganisha na kuichaji lazima uvute kifuniko chake cha nyuma, uchomeke waya wa USB-C. Mwaka 2024 ikaja nyingine tena, na iPad Pro na iPad Air za mwaka huo haziikubali kalamu ile ya mwaka 2018, ingawa zote zimetoka kiwanda kimoja. Na iPad ya kizazi cha kumi, ya mwaka 2022, hutumia kalamu ya mwaka 2015, lakini tundu lake ni tofauti na mkia wa kalamu, hivyo lazima ununue kiungio cha kati. Mtu anayeuza vitu hivi bila kumwuliza mteja ana iPad ya mwaka gani, anacheza bahati nasibu kwa fedha ya mwenzake.

Sasa, ukishajua kwamba kalamu na kishikwambi chako ni ndugu, na bado haviungani, fanya haya kabla ya kumwita fundi. Hakikisha Bluetooth imewashwa, na kwamba kishikwambi hakiko katika hali ya ndegeni. Ichaji kalamu kwa muda kwanza, kwani betri ikiisha kabisa kalamu haijibu chochote. Kaza ncha, kwa kuizungusha taratibu kwa vidole. Ncha ikilegea, kalamu inaweza kuungana na isiandike. Nenda kwenye mipangilio ya Bluetooth, ulifute jina la kalamu, zima kishikwambi, kiwashe upya, kisha unganisha kalamu kama vile ni mara ya kwanza. Na ulizia nyumbani. Kalamu ya iPad hushika iPad moja kwa wakati mmoja. Kama kijana wako aliinatisha kwenye ya kwake jana usiku, imeshahama.

Ile ya kuifungua kalamu, tafadhali, kataa. Nyingi zimegundishwa kiwandani na hazikutengenezwa kufunguliwa. Ikishapasuliwa, huna tena hata cha kurudisha dukani.

Na dukani ndiko nilikotaka kufika. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza mfanyabiashara kusudi la kununua, akautegemea ujuzi wake, bidhaa itakayotolewa sharti ifae kwa kusudi hilo. Lakini ukienda ukataja mwenyewe jina la kibiashara la kitu na kusema nipe hicho, kinga hiyo hupungua, kwa kuwa umechagua mwenyewe. Mwalimu alikuwa amesema wazi kwamba anataka kalamu ya kuandikia kwenye kishikwambi alichokishika mkononi. Niliposhauri amkumbushe mwenye duka maneno hayo, na kwamba Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji, sauti ya pale ilishuka. Fedha taslimu hazikurudi zote. Alipewa kalamu mbili za ncha ya mpira na sehemu ya fedha, akaona afadhali hiyo kuliko kukosa vyote.

Wewe unayekwenda kununua, beba kishikwambi chenyewe, omba kalamu ifunguliwe, na uandike jina lako kwenye kioo kabla ya kulipa. Kuona neno "imeungana" hakutoshi, kwani mwalimu naye aliliona. Tena kwenye risiti waandikie aina ya kishikwambi ulichowaonyesha. Kwa kalamu zilizotumika, zinazoletwa kutoka nje, ongeza tahadhari: ikikaa miezi mingi bila chaji, betri yake huweza kufa moja kwa moja, na waya mpya hautaifufua. Muuzaji akikuambia ipeleke nyumbani ukaichaji kwanza, mwambie aichaji yeye, nawe utapita jioni.