Subaru ya Turbo: Kabla Hujalipa

Msikilizaji, leo tunazungumza na wale wanaoitamani Subaru Impreza WRX iliyotumika, gari ambalo jijini Nairobi watu hulisikia kabla ya kuliona.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa na joto, rudi siku nyingine, kwani injini baridi ndiyo husema ukweli. Fundi wako aliwashe, wewe simama nyuma. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, na huenda turbo imechoka. Mkisikia mlio mzito wa kugonga ndani ya injini unaoongezeka kadiri mafuta yanavyokanyagwa, ondokeni, hata bei ikipunguzwa. Kwa WRX yenye injini ya EJ20, mkanda wa taimingi ukikatika, pistoni hugonga vali, na gharama yake ni kubwa. Dai risiti ya mkanda huo. Maneno matupu hayatoshi.

Uliza pia ni kipi kilichofungwa kisicho cha kiwandani. Wenye magari haya hupenda kuyachokonoa mno!

Umiliki nao uhakikishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), maana hata gari lenye deni la benki hupata muuzaji. Bima kamili, matairi na oili bora vipigie hesabu kabla ya kutoa arubuni.