Bolti Iliyoshika Kutu Isipigwe Tindo
Msikilizaji wa Bariadi, magari yanayobeba pamba katika tope jeusi la Simiyu hushika kutu chini, na bolti iliyolika kichwa mara nyingi hupigwa nyundo na tindo. Hilo ni kosa. Kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hubana meno ya bolti. Nguvu ya ghafla huweza kuikatia ndani. Weka mafuta ya kulegeza kutu, yaache usiku kucha, yafute vizuri, kisha fundi achomelee nati juu ya kichwa hicho: joto huachanisha kutu, na spana hupata pa kushika. Utasema gari linasubiriwa na mzigo. Kweli, lakini kutoboa bolti iliyokatika huchukua muda zaidi. Ila karibu na tangi au bomba la mafuta, usichomelee wala kuwasha moto kabisa.