Kipimo cha Mkojo Nyumbani: Nasaha kwa Wanaume wa Unguja



Mwanamume aamkaye kila usiku kwenda haja ndogo, au ambaye mkojo wamtoka kwa matone, kwa maumivu au kwa damu, haifai haya imzuie kutafuta sababu, ambazo ni nyingi: maambukizo, tezi dume iliyotanuka, kisukari, na hapa kisiwani kichocho, maradhi ya minyoo waenezwao na konokono wa mito na mabwawa, kama ilivyojulikana tangu zamani huko Chaani na Kinyasini.

Vijiti vya kupimia mkojo vyaweza kutumika nyumbani. Kinga mkojo wa katikati katika chombo safi, uchovye kijiti mara moja, na utimiapo muda ulioandikwa kwenye chupa ya vijiti, ulinganishe rangi zake na zile za chupani, penye mwanga. Kisha uifunge chupa barabara, kwani unyevu wa pwani huviharibu.

Walakini kijiti huonyesha damu, sukari au dalili za maambukizo, wala hakitaji maradhi. Na kisipobadilika rangi, hakithibitishi kuwa tezi dume ni salama. Kwa hiyo andika saa na kadiri ya kila mkojo kwa siku tatu, uyapeleke maandishi hayo kwa tabibu, ambaye kwa hadubini aweza kuyaona mayai ya kichocho katika mkojo, yatokayo kwa wingi baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Mkojo ukiziba kabisa, au homa ikaja pamoja na maumivu ya kiunoni, nenda hospitali ya Mnazi Mmoja, au iliyo karibu nawe, saa hiyo hiyo.