Orodha ya Dawa ni Sehemu ya Tiba

(Maelezo ya timu ya afya mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Mmezoea kutusikia tukizungumzia paa la zahanati, kisima, umeme wa jua na nyumba za watumishi. Leo tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie jambo dogo kwa macho. Vifaa vyake ni daftari na kalamu, lakini likikosewa linaweza kumdhuru mgonjwa hata ndani ya jengo zuri kuliko yote. Jambo hilo ni orodha ya dawa anazotumia mgonjwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tofauti ni kwamba mali ikipotea tunapata hasara ya fedha. Habari za dawa zikipotea, hasara inaingia mwilini mwa mtu.

Mtu mmoja, kadi nne

Zahanati nyingi hapa Tanzania zilijengwa tukifikiria zaidi magonjwa ya kuja na kuondoka: malaria, kuhara, kichomi. Mgonjwa alipewa dozi, akamaliza, akapona. Siku hizi foleni imebadilika. Wapo wenye presha, kisukari, kifafa na pumu, na wapo wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wengi wao watatumia dawa kwa miaka mingi, na baadhi wana ugonjwa zaidi ya mmoja.

Kila huduma ina karatasi yake. Anayetumia dawa za kufubaza virusi ana kadi ya kliniki ya tiba na matunzo, yaani CTC. Moja anakaa nayo yeye na nyingine inabaki kliniki. Mjamzito ana kadi yake ya kliniki. Mwenye kifua kikuu ana kadi ya kifua kikuu. Mtu huyo huyo akija kwa homa au maumivu ya mgongo, anakuja na daftari la kawaida kama la mwanafunzi. Kila kadi inasema kweli, lakini ni kipande tu cha kweli. Tabibu aliyeshika moja hajui kilichoandikwa katika nyingine.

Aidha, dawa nyingi hazipiti katika kadi yoyote. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamesaidia sana kusogeza dawa karibu na wananchi. Hata hivyo, kinachonunuliwa dukani ni nadra kuandikwa katika daftari la zahanati. Vivyo hivyo mgonjwa aliyelazwa hospitali ya rufaa: anarudi nyumbani na dawa mpya, karatasi ya kuruhusiwa inabaki sandukuni, na dawa za zamani bado ziko kabatini.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwezi Machi mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza madhara ya dawa yanayoweza kuzuilika. Lilitaja maeneo matatu ya kuangaliwa kwanza: hali zenye hatari kubwa, mgonjwa anayetumia dawa nyingi kwa pamoja, na mgonjwa anapohama kutoka huduma moja kwenda nyingine. Mwaka 2022 kaulimbiu ya Siku ya Usalama wa Mgonjwa, inayoadhimishwa kila tarehe 17 Septemba, ilikuwa usalama wa dawa.

Madhara yanavyotokea

Tuchukue mifano michache ili tusibaki katika maneno ya jumla.

Kwanza, mjamzito. Katika kliniki ya wajawazito hupewa SP ili kumkinga na malaria. Lakini kama anaishi na virusi vya UKIMWI na tayari anakunywa co-trimoxazole, ambayo wengi tunaiita Septrin, hapaswi kupewa SP. Dawa zote mbili zina salfa, na zikitumiwa pamoja huongeza hatari ya madhara. Muuguzi asiyejua kwamba mama anatumia Septrin atampa SP kwa nia njema kabisa.

Pili, mwenye kisukari anayetumia pia dawa za kufubaza virusi. Kidonge cha mchanganyiko kinachotumiwa na wengi sasa kina dolutegravir, na dolutegravir huongeza kiwango cha metformin katika damu. Ndiyo maana miongozo inashauri metformin isizidi miligramu 1,000 kwa siku kwa mgonjwa huyo. Akipata kifua kikuu na kuanza rifampicin, hali inageuka upande mwingine: rifampicin hupunguza nguvu ya dolutegravir, hivyo huongezewa kidonge cha miligramu 50 ili aipate mara mbili kwa siku. Mahesabu haya si magumu kwa tabibu, mradi aone dawa zote mahali pamoja.

Tatu, mzee mwenye presha. Alipewa nifedipine. Mwezi uliofuata nifedipine ikawa imekwisha stoo, akapewa amlodipine badala yake. Hakuna aliyemwambia aache ile ya kwanza, wala hakuna aliyeifuta kwenye daftari. Sasa anakunywa zote mbili, nazo ni za ukoo mmoja. Anasikia kizunguzungu na miguu inavimba. Kwa sababu ya magoti ananunua diclofenac dukani, nayo hupandisha presha na kuumiza figo, hasa ikikutana na baadhi ya dawa za presha. Ukimuuliza kama anatumia dawa nyingine atajibu hapana, kwa kuwa kwake dawa ya maumivu si dawa ya kuhesabiwa.

Katika mifano yote hii dawa zipo, watumishi wapo na ujuzi upo. Kilichokosekana ni karatasi moja iliyo sahihi.

Kwa nini mgonjwa hasemi

Ni rahisi kumlaumu mgonjwa na kumkumbusha kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua. Lakini tujiulize anaficha kwa sababu gani.

Wapo wanaotumia mitishamba na wanaogopa kukemewa. Katika zahanati ya kanisa hofu hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mgonjwa anahisi kwamba kutaja dawa ya mganga wa kienyeji ni kama kuungama. Yupo mama aliyewekewa kipandikizi cha uzazi wa mpango katika kituo kingine, naye hataki kukitaja mbele yetu. Rifampicin hupunguza nguvu ya vipandikizi na vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo kujua ni muhimu. Hatusemi hili ili kubishana na mafundisho ya mtu yeyote. Tunalisema kwa sababu dawa hukutana mwilini, iwe mwenye nazo amezitaja au hakuzitaja.

Wapo pia wanaoona aibu ya umaskini. Cheti kinasema kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, yeye anakunywa cha asubuhi tu ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Tabibu akiona presha haishuki, anaongeza dozi. Siku mgonjwa akipata fedha na kunywa dozi yote kama ilivyoandikwa, presha inaweza kushuka kupita kiasi. Orodha sahihi, basi, ni ile inayoonyesha pia dawa anazokunywa kweli, pamoja na zile tulizomwandikia.

Hatua nne

Utaratibu tunaoupendekeza kwa kila zahanati na kituo cha afya una hatua nne: kuuliza, kulinganisha, kusahihisha na kukabidhi.

Kuuliza. Mgonjwa aje na dawa zake zote katika mfuko: za hospitali, za dukani, na mitishamba. Asiulizwe, "Unakunywa dawa vizuri?" kwa maana jibu ni ndiyo siku zote. Aulizwe, "Hiki kidonge, mama, unakinywaje?" kisha anyamaziwe mpaka aeleze.

Kulinganisha. Dawa zilizo mfukoni zilinganishwe na daftari na kadi nyingine zote alizo nazo. Kila tofauti ipelekwe kwa tabibu kabla hajaandika cheti kipya.

Kusahihisha. Ukurasa wa kwanza wa daftari uwe wa orodha tu. Kila mstari uwe na jina halisi la dawa wala si jina la kibiashara, kiasi kwa miligramu, mara ngapi kwa siku, ni ya ugonjwa gani, na tarehe ya kuanza. Dawa iliyoachishwa ikatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, na pembeni iandikwe tarehe na sababu. Dawa zinazomletea mzio ziandikwe juu kabisa.

Kukabidhi. Kabla mgonjwa hajaondoka katika dirisha la dawa asomewe orodha kwa sauti ya chini, naye aieleze kwa maneno yake. Nakala ibaki katika jalada lake zahanati.

Kuhusu kompyuta

Baadhi ya wafadhili wameuliza kama kompyuta haitamaliza tatizo hili. Tunazihitaji kompyuta, na tutazipokea kwa shukrani. Lakini kompyuta haimuulizi mgonjwa. Inatunza ilichopewa, na kama dawa iliyoachishwa haikufutwa, itaendelea kuonekana kila hudhurio kana kwamba bado inatumika. Kosa la kwenye karatasi hubaki katika daftari moja. Kosa la kwenye kompyuta hunakiliwa bila kuchoka. Kwa hiyo kinachohitaji kugharamiwa kwanza ni muda: mtumishi mmoja zaidi siku ya kliniki ya magonjwa ya kudumu, ili kuuliza kusifanywe kwa haraka huku foleni ikisukuma mlango.

Tunachowaomba

Kwa kamati za parokia tuna maombi matatu. Mosi, saidieni kutangaza kanisani na katika jumuiya ndogo ndogo kwamba siku ya kliniki kila mtu aje na dawa zake zote, na kwamba hatakemewa kwa lolote lililo ndani ya mfuko wake. Pili, hakikisheni chumba cha mazungumzo kina mlango unaofungwa. Tatu, na hili tunalisisitiza kwa heshima zote, msiombe kuiona orodha ya mtu yeyote. Jina la dawa hutaja ugonjwa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mwenye virusi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za afya za kila mtu. Hata mwenyekiti wa kamati, hata padre, hana ruhusa ya kufungua daftari la mgonjwa. Yule anayetaka orodha yake ya dawa za CTC ikae katika kadi ya CTC tu, badala ya daftari linaloonwa na watu wa nyumbani, asikilizwe. Tabibu atakubaliana naye alama ya kumkumbusha kuuliza.

Kwa wafadhili tuna ombi moja, nalo ni gumu kidogo. Mmezoea kupokea taarifa yenye idadi ya madaftari yaliyogawiwa. Tunaomba mpokee hesabu nyingine. Kila mwisho wa mwezi mganga mfawidhi achukue wagonjwa 10 wenye magonjwa ya kudumu, wale 10 wa kwanza kufika bila kuwachagua, alinganishe orodha zao na mifuko yao, kisha aandike ni orodha ngapi zinalingana kabisa. Hakuna majina, ni namba tu.

Tunawaambia mapema kwamba mwanzoni namba hiyo haitapendeza. Zahanati itakayoanza kuuliza kwa uaminifu itaonekana ina makosa mengi kuliko ile isiyouliza. Mkiipunguzia fedha kwa sababu hiyo, mtakuwa mmewafundisha watumishi kuandika namba nzuri. Tunaomba mvumilie walau mwaka mmoja, na mtazame kama namba inapanda, sio kama ilianza juu.

Ndugu zetu, jengo likikamilika tunakata utepe na kupiga picha. Siku orodha ya dawa itakapookoa figo ya mzee au mimba ya mama, hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna kitakachotokea. Mgonjwa atarudi nyumbani kama alivyokuja, na mwezi ujao atakuja tena na mfuko wake. Tunawaomba mkubali kuchangia kazi ya namna hiyo, isiyo na utepe wa kukata.