Povu Si Kipimo cha Maji Mema

Leo tusome habari za maji ya bomba. Shikeni kalamu, mwandike maneno mawili: chokaa na floridi.

Ukifua na sabuni isitoe povu upesi, tena ndani ya birika pana ukoko mweupe, maji yako ni magumu. Yamepita katika mawe yenye chokaa. Maji hayo hula sabuni, lakini hayadhuru mwili. Kuutoa ukoko, chemsha maji yenye ndimu ndani ya birika, kisha suuza.

Sasa sikilizeni vema. Pembezoni mwa mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru, chemchemi na visima vingi vina floridi nyingi, itokayo katika mawe ya volkano. Mara nyingi maji hayo ni laini, na povu lake ni zuri. Lakini mtoto akiyanywa miaka mingi, meno yake huwa ya rangi ya kahawia. Floridi ikizidi sana, hata mifupa huharibika.

Je, kuchemsha kutasaidia? Kuchemsha huua vijidudu, nako ni lazima. Floridi haiondoki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo: miligramu 1.5 katika lita moja. Basi ulizeni ofisi ya maji kipimo cha bomba lenu. Kikiwa kimepita, watoto wadogo wapeni maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa.

Swali la leo: maji yapi huharibu meno, yenye chokaa au yenye floridi? Andikeni jibu. Kwaherini.